Mapumziko ya siku tatu Dar es Salaam kwa familia ya watu wanne kutoka Dodoma: laki tano zinatosha?

Mama wa Nkuhungu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mchango wenu katika jambo ambalo mimi na baba watoto tumelijadili mpaka tumechoka. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitano. Wote wamezaliwa hapa Dodoma na hakuna aliyewahi kuiona bahari. Likizo ya Juni imekaribia, nasi tumetenga shilingi 500,000 wala si zaidi, kwa sababu shule zikifunguliwa Julai kuna michango na sare. Tunataka kwenda Dar es Salaam, tulale huko siku mbili na kurudi siku ya tatu. Watoto wanataka treni na bahari, baba yao anataka Makumbusho ya Taifa, na mimi nataka japo siku moja nisiyoingia jikoni.

Ushauri niliousoma sehemu nyingine umenitia hofu. Mmoja anaorodhesha hoteli za Masaki kana kwamba sote tunalipwa posho ya safari, mwingine anasema bila milioni moja mtu asithubutu kuipeleka familia Dar. Ninachoomba ni hesabu ya mtu wa kawaida: tulale upande gani wa jiji, twende wapi, na kipi tukiache. Nina mjomba wangu Chamazi, na suala la kulala kwake naomba pia mlizungumzie kwa uwazi.

Mtumishi wa Mtumba

Dada, nianze na treni, kwa kuwa ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya fedha yenu na ndiyo pekee yenye bei inayojulikana kabla ya safari. Nauli ya treni ya kawaida ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kama LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilivyoitangaza mwaka 2024 huduma ilipoanza, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu yake, yaani 15,500. Kwa familia yenu ni 93,000 kwenda na 93,000 kurudi, jumla 186,000. Hakikisheni bei kwenye mfumo wa shirika la reli kabla ya kulipa, lakini kwa kupanga tumieni hesabu hiyo. Treni ya haraka ina bei ya juu zaidi, na muda mnaouokoa hauzidi saa moja. Kwa watu walio likizo sioni sababu ya kuulipia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazami. Sisi watumishi tuliohamia Dodoma na kuziacha familia Dar tunaijaza treni ya Ijumaa jioni kushuka Dar, kisha tunaijaza ile ya Jumapili jioni na ya Jumatatu alfajiri kupanda Dodoma. Ninyi pitieni kinyume chetu. Shukeni Jumamosi asubuhi, rudini Jumatatu alasiri, nanyi mtapata viti vya pamoja bila kuhangaika. Pia epukeni wiki ya mwisho ya Juni, Bunge la bajeti linapoahirishwa, kwa sababu wakati huo hata tiketi ya siku ya kawaida huisha mapema.

Chagueni treni ya mchana kwa ajili ya watoto. Kipande cha Kilosa kina mahandaki, na mtoto ambaye hajawahi kuingia ndani ya mlima atakizungumzia kuliko jambo lolote lingine la safari. Fikeni stesheni mapema, maana mizigo hukaguliwa kwa mashine na milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Watu wazima wabebe vitambulisho, na kwa watoto bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa ili hoja ya umri isizue mjadala mlangoni.

Kijana wa Kikuyu

Naheshimu mchango wa mtumishi, lakini mimi sioni haja ya hesabu ndefu. Mjomba yuko Chamazi, basi laleni kwa mjomba. Fedha ya gesti ya siku mbili inawatosha watoto kula kuku na soda mpaka wachoke. Sisi Waafrika tumeanza lini kulipia kitanda mahali penye damu yetu?

Mzaramo wa Kizota

Kijana wangu wa Kikuyu, hoja yako ina uzito wa kimila, lakini naomba uitazame ramani. Mimi nimezaliwa Magomeni na nimeishi Dar sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kuhamia Kizota, kwa hiyo nitasema kama mwenyeji.

Mgeni wa Dar haumizwi na chakula wala viingilio. Chakula cha mama lishe wa Kariakoo hakitofautiani sana na cha Majengo hapa Dodoma, na viingilio vya Mtanzania katika maeneo ya Serikali ni vidogo. Kinachommaliza ni barabara. Mtu analala Chamazi, asubuhi anataka kwenda Coco Beach, mchana Kariakoo, jioni Mlimani City. Kwenye simu maeneo hayo yanaonekana kama yamekaribiana, kumbe kila kipande ni daladala mbili au bajaji moja ya bei kubwa, na kati ya vipande hivyo kuna foleni inayoweza kula saa mbili za mchana mzima. Mtoto wa miaka mitano akishakaa saa mbili ndani ya daladala kwenye joto la Mbagala hataki tena bahari, anataka kulala. Baba akiona hivyo anaita teksi kwa huruma, na hapo ndipo bajeti inapopasuka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kuchagua upande mmoja wa jiji na kubaki huko. Kwa watu wanaofika kwa SGR, upande huo ni mjini kati, yaani eneo la Posta, Kisutu na Kivukoni. Treni inawashusha hapo hapo, tofauti na basi linaloishia kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, ambako bado mna safari nyingine ndefu ya kuingia mjini. Kutoka mitaa ya Kisutu mnafika kwa miguu Makumbusho ya Taifa, sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927, Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, kanisa la Kilutheri la Azania Front, soko la samaki la Feri na kivuko cha Kigamboni. Huko kote si mwendo wa kumchosha mtoto, mradi msitembee saa saba mchana.

Vyumba vya Kisutu na Posta ni ghali kuliko vya Sinza, silifichi hilo. Chumba safi Sinza mnaweza kukipata kwa 35,000 wakati chenye hadhi hiyo hiyo mjini kikawa 50,000. Lakini tofauti ya 15,000 inamezwa na bajaji ya kwenda na kurudi mara moja tu, na bado hamjarudishiwa muda wenu. Ulizieni pia hosteli za taasisi za dini zilizoko mjini kati. Ni za kawaida kabisa, shuka nyeupe na feni, lakini ni tulivu na familia hupokewa bila maswali.

Sasa kuhusu mjomba. Kulala kwa ndugu si bure, na tusidanganyane. Hufiki mikono mitupu, hukai siku mbili bila kuchangia mboga, na wala si adabu kula chakula cha watu kisha ukatoka asubuhi kwenda ufukweni na kurudi usiku kama mpangaji. Mke wa mjomba ataacha shughuli zake ili awahudumie, na ninyi mtaona haya kuondoka. Hayo ni mapumziko ya mjomba, si yenu. Hata hivyo, kupita Dar bila kumjulisha ni kosa kubwa zaidi, na habari itamfikia, maana hakuna siri kwenye ukoo wenye kundi la WhatsApp. Mpigieni simu sasa, mwambieni mmekuja na watoto kwa muda mfupi na mmepata malazi mjini karibu na treni, kisha mwalikeni yeye na shangazi waje mle pamoja Jumapili. Heshima inabaki, na nauli ya watu wawili wanaokuja kwenu ni nafuu kuliko ya watu wanne wanaokwenda kwao.

Kijana wa Kikuyu

Shikamoo mzee wangu. Nimeelewa, hasa hilo la shangazi. Naondoa pendekezo langu.

Mwalimu wa Kongwa

Nakubaliana na Mzaramo karibu kwa yote, ila nataka kumtetea baba watoto, kwa sababu naona makumbusho yanatajwa kwa kupita tu. Pale Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna simulizi ya fuvu la Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959 na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Mtoto wa miaka tisa yuko katika umri wa kulisoma jambo hilo darasani. Kuna pia magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na kwa uzoefu wangu wa kuwapeleka wanafunzi, hayo magari ndiyo huwavuta zaidi kuliko fuvu. Nendeni Jumamosi alasiri mkishaweka mizigo, kwa kuwa ndani kuna kivuli na watoto watakuwa wamechoka na safari. Kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni wa nje, na watoto hulipa kidogo zaidi.

Ningependa pia mfike Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, penye nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Watoto waliokwisha kuona tembe kwa bibi yao huku kwetu watashangaa msonge wa Wahaya ulivyo mrefu. Najua Mzaramo atasema nawatoa nje ya mipaka aliyoichora.

Mzaramo wa Kizota

Nitasema hivyo hivyo, mwalimu. Kijiji ni kizuri na kinastahili nusu siku, lakini hiyo nusu siku itoke wapi? Watu hawa wana Jumapili moja tu nzima. Wakiipeleka Kijitonyama, bahari wataiona dirishani. Kama wangekuwa na siku nne ningewaambia walale Kijitonyama au Sinza, wafanye Kijiji, Mlimani na Coco Beach, na mjini wasikanyage kabisa isipokuwa kupanda treni. Upande mmoja tu.

Mwalimu wa Kongwa

Hapo umenishinda. Kijiji kibaki kwa safari nyingine. Mleta uzi azingatie tu kwamba Maonesho ya Sabasaba huanza tarehe 28 Juni pale barabara ya Kilwa. Wako watakaomwambia aunganishe. Mimi nasema asiunganishe, kwa sababu siku hizo gesti hujaa wafanyabiashara kutoka mikoani, bei za vyumba hupanda, na barabara ya Kilwa haipitiki.

Mama wa Nkuhungu

Shikamooni wakubwa, na asanteni sana. Naona sasa picha inaanza kuonekana. Tutakwenda katikati ya Juni, Jumamosi hadi Jumatatu, na tutalala mjini. Nimempigia mjomba, alinuna kidogo, kisha akauliza tutakula wapi Jumapili.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza bahari yenyewe: kama hatutoki mjini, watoto wataogea wapi? Pili, rafiki yangu ananishawishi twende kisiwa cha Mbudya, anasema huwezi kusema umefika Dar kama hujakanyaga Mbudya.

Mpwani Aliyehamia Bahi

Dada, swali la bahari niachie mimi. Nimekulia Kigamboni, na nikiwasikia watu wa bara wanavyopanga safari ya ufukweni bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi, huwa nasikitika. Bahari yetu haikai mahali pamoja. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makuu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita urefu wa mtu mzima kwa mbali. Ukifika Coco Beach maji yakiwa yamekupwa utakuta mawe, mwani na madimbwi. Watoto watauliza bahari iko wapi, nawe utaonyesha kwa kidole.

Kanuni ya wavuvi ni nyepesi na haihitaji simu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, ni bamvua, na hapa Dar maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na kukupwa karibu na saa nne asubuhi. Siku hizo ogeleeni jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na kukupwa alasiri, ingawa hayaendi mbali sana. Siku hizo ogeleeni asubuhi. Siku za katikati, kila siku inayopita maji huchelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo kabla hamjakata tiketi, tokeni nje usiku mtazame mwezi, kisha hesabuni.

Mahali pa kuogea ni ng'ambo. Pale Feri mnapanda kivuko, nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, mnavuka mkondo wa bandari huku meli kubwa zikipita mbele yenu, na kwa watoto hiyo peke yake ni matembezi kamili ya baharini. Ulizeni kwanza kuhusu kadi ya kulipia, maana siku hizi hawapokei sarafu mkononi. Mkishuka Kigamboni kuna daladala na bajaji za kuelekea Mjimwema, ambako fukwe ni za mchanga mweupe. Nyingi zina wenyewe na hutoza kiingilio, na mara nyingi kiingilio hicho hukatwa kwenye vinywaji au chakula mtakachoagiza. Ulizeni mlangoni kabla hamjalipa, na ulizeni pia kama mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Watoto wasiogee bila mtu mzima aliyesimama ndani ya maji pamoja nao. Sisemi mtu mzima aliyekaa mchangani na simu, nasema aliyesimama ndani ya maji. Mtoto wa Dodoma hajui wimbi linavyorudi na kuvuta miguu.

Kuhusu Mbudya, ni kisiwa kizuri mno, lakini kinatoka upande wa Kunduchi, mbali kabisa na mjini. Mtalipa usafiri wa kufika Kunduchi, boti, kiingilio cha hifadhi ya bahari, kivuli cha kukodi na samaki wa bei ya kisiwani. Kwa vijana wanaochanga boti moja ni sawa. Kwa familia yenye laki tano, kitameza Jumapili nzima pamoja na akiba.

Mtumishi wa Mtumba

Naunga mkono kuhusu Mbudya. Niongeze tu kwamba kauli za "hujafika Dar kama hujafanya hivi" ndizo zinazotufanya turudi na madeni. Kauli hiyo hiyo inatumika kwa Kariakoo. Mwambieni kila jirani aliyekupeni orodha ya vitenge kwamba Jumapili maduka mengi ya jumla hufungwa, jambo ambalo kwa bahati nzuri ni kweli.

Mpwani Aliyehamia Bahi

Nimesahau kumjibu mama aliyetaka siku isiyo na jiko. Jumapili ya kuwakaribisha mjomba na shangazi, msiende hotelini, nendeni soko la Feri. Nitaeleza taratibu zake, kwa sababu mgeni asiyezijua huuziwa kwa bei ya mgeni.

Mnada huanza alfajiri na mapema boti zinapoingia. Samaki hupangwa kwenye meza za saruji, mnadi husimama juu yao akipaza bei, na wachuuzi hununua kwa mafungu makubwa. Huo mnada si wenu, lakini watoto wakiuona wataufurahia. Ninyi subirini mpaka wachuuzi wayagawe yale mafungu na kuanza kuuza samaki mmoja mmoja. Kadiri jua linavyopanda ndivyo muuzaji anavyolegea, kwa kuwa barafu inamgharimu. Mwambieni awaonyeshe jicho la samaki: liwe angavu na limejaa, si jeupe lililozama. Inueni shavu, ndani pawe pekundu. Changu wa ukubwa wa kiganja na nusu ni saizi nzuri ya sahani, na watoto hawatasumbuliwa sana na miba ikilinganishwa na vibua. Kama baba anapenda pweza, wapo, na huuzwa wakiwa tayari wamechemshwa.

Baada ya kununua, hamjamaliza. Mnampeleka samaki kwa waparaji, vijana wenye visu vyao wanaokaa upande wa pili; huyo ataparua magamba, atatoa matumbo, ataosha na kumchana mikato mitatu mbavuni ili chumvi iingie. Kisha mnakwenda kwa wakaangaji, wenye makarai makubwa ya mafuta juu ya moto wa kuni, moshi mwingi na kelele nyingi, na hapo samaki anakaangwa mbele ya macho yenu. Kila hatua inalipiwa peke yake. Ulizeni bei ya kupara kabla ya kumkabidhi mparaji samaki, ulizeni bei ya kukaanga kabla hajaingia kwenye mafuta, na simameni palepale mpaka atoke, kwa sababu changu wote wakishakauka hufanana. Ugali, kachumbari na ndimu mnapata kwa mama lishe wa jirani. Mtu anayewakimbilia getini akisema atawafanyia yote kwa bei moja, mshukuruni na mwendelee kutembea.

Vaeni viatu mnavyoweza kuviosha. Sakafu ya Feri huwa na maji ya samaki wakati wote, na viatu vyeupe vya mtoto vitarudi Nkuhungu na harufu yake.

Mwalimu wa Kongwa

Baada ya mlo huo kivuko kiko hatua chache tu. Naona hata mimi nimeanza kuhesabu fedha.

Mzaramo wa Kizota

Tahadhari moja ya mjini kati ambayo haijasemwa. Jumapili jioni Posta huwa kimya, ofisi zimefungwa, mama lishe wa mchana wameondoka, na mitaa mingine haina watu kabisa. Si mahali pa kutembea na watoto usiku mkitafuta chakula. Rudini Kisutu kabla ya giza. Huko na kuelekea Kariakoo hupati shida ya mishikaki, bajia, kachori na chipsi mpaka usiku. Simu iwe mfukoni mnapotembea kandokando ya barabara, kwa sababu vijana wa pikipiki hawachagui mgeni na mwenyeji.

Na mkifika stesheni ya Dar, madereva watakuwa mlangoni wakitaja bei za kutisha. Msibishane nao. Agizeni bajaji kupitia programu ya simu, bei mtaiona kabla hamjapanda, au kama mizigo ni midogo tembeeni tu.

Mama wa Nkuhungu

Nimekaa na baba watoto na daftari, na hesabu tuliyoifikia ni hii. Treni kwenda na kurudi 186,000. Chumba kimoja chenye vitanda viwili, mjini, siku mbili kwa 50,000, jumla 100,000. Chakula tumeweka 35,000 kwa siku kwa siku tatu, yaani 105,000, pamoja na samaki wa Feri wa kuwakirimu mjomba na shangazi. Usafiri wote wa ndani, ikiwemo kivuko na bajaji ya Mjimwema, 40,000. Makumbusho na kiingilio cha ufukweni 15,000. Zawadi ya mjomba 15,000. Nilitaka zabibu lakini Juni si msimu wake, kwa hiyo nitachukua karanga na asali. Jumla ni 461,000, na 39,000 iliyobaki hatuigusi ila kwa dharura.

Tumetazama pia kalenda ya mwezi. Jumapili tunayoitaka itaangukia siku moja baada ya mwezi mpevu. Je, Mpwani, tukila samaki saa tano na kuvuka saa nane, tutakuta maji?

Mpwani Aliyehamia Bahi

Mtayakuta yanapanda, dada. Siku moja baada ya mwezi mpevu yatajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kuanzia saa nane mtakuwa na muda mzuri wa watoto kucheza maji yakiwa bado ya magotini, kisha watoeni yakianza kuwa mengi. Vukeni kurudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu Jumapili jioni watu wote wa mjini waliokwenda Kigamboni hurudi kwa wakati mmoja na foleni ya kivuko huwa ndefu.

Mtumishi wa Mtumba

Hesabu imekaa vizuri. Marekebisho yangu ni mawili. Chakula cha kwenye treni msikitegemee, andaeni maandazi, mayai ya kuchemsha na maji kutoka nyumbani kwa safari ya kwenda, na kwa kurudi nunueni Kisutu asubuhi. La pili, chumba msikilipie chote kwa simu kwa mtu msiyemjua aliyeweka tangazo mtandaoni. Pigeni simu ya mapokezi, ulizeni kama wanaruhusu watoto wawili katika chumba kimoja bila nyongeza, kama kuna feni au kiyoyozi, na kama kuna baa chini ya vyumba. Hilo la baa watajibu kwa kuzunguka, hivyo ulizeni muziki huzimwa saa ngapi.

Mama wa Nkuhungu

Nimepiga simu sehemu tatu leo. Moja walisema muziki huzimwa "wateja wakiisha", nikakata simu. Ya tatu ni hosteli ya kanisa, chumba kipo kwa 45,000, watoto hawana nyongeza, na geti hufungwa saa nne usiku. Tumeichukua hiyo. Swali la mwisho: Jumatatu tunatakiwa kuacha chumba saa nne asubuhi na treni yetu ni ya alasiri. Mizigo tunaiweka wapi muda huo wote?

Mzaramo wa Kizota

Waombeni mapokezi Jumapili usiku, si Jumatatu asubuhi wakati wageni wote wanaondoka. Hosteli nyingi huwa na chumba cha kuwekea mizigo na hazitozi kitu kwa mgeni aliyelala hapo. Bebeni fedha, vitambulisho na tiketi mwilini, na begi lenye nguo za baharini zilizolowa lifungeni kwenye mfuko wa peke yake. Kisha wapelekeni watoto bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho, kuna kivuli cha miti mikubwa na watoto watapata mahali pa kukimbia. Saa sita rudini kuchukua mizigo, mle, muelekee stesheni.